Kijikaratasi si kazi: kata huo mshale kati ya ubao na GitHub

Haya, nimerudi. Niliahidi kuandika kila wiki, na mnajua ahadi za wanablogu zilivyo. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya mkato ya kuwafunza. Nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na mtindo ninaoukuta kwa timu nyingi za programu hapa Nairobi siku hizi. Mnafanya mkutano kwenye ubao wa mtandaoni, tuseme Miro, kila mtu anabandika vijikaratasi vya rangi, kisha mtambo unakuja na kuvigeuza vyote kuwa tiketi kwenye GitHub au GitLab. Mtambo huo hauhitaji mtu wa kuandika msimbo. Unafungua Zapier, Make au n8n, unavuta kisanduku hiki, unaweka kile, unachora mshale katikati. Kijikaratasi kipya kikitokea, fungua tiketi. Dakika 15 umemaliza, na bosi anakupigia makofi.

Mimi nasema hivi: huo mshale umeelekea upande usiofaa. Habari zitoke kwenye msimbo ziende ubaoni, hapo mtambo ufanye kazi hata usiku kucha. Lakini kutoka ubaoni kwenda kwenye msimbo, apite mtu.

Kabla hujaniita mzee (na sijafika thelathini), sikiliza yaliyonipata.

Kazini nilikokuwa awali tulitengeneza programu ya vyama vya ushirika vya maziwa. Karani anapima maziwa, anaingiza lita kwenye simu, mwisho wa mwezi hesabu inatoka na mkulima analipwa. Aliyeunganisha ubao wetu na GitHub kwa n8n ni mimi, si mtu mwingine, na nilijivunia sana. Mwezi wa kwanza tukawa na tiketi zaidi ya 300. Vichwa vyake vilikuwa kama "rangi??", "tuulize watu wa fedha", "lile wazo la Jumanne". Moja ilikuwa na picha ya kikombe cha chai, basi.

Katikati ya hizo ilikuwemo moja iliyosema "lita za jioni". Maneno matatu, maelezo hakuna. Aliyebandika kile kijikaratasi ni dada wa huduma kwa wateja, baada ya kupigiwa simu na karani. Ubaoni kilikuwa chekundu, kimezungushiwa duara, na kando yake kulikuwa na picha ya skrini ya simu. Aliyekitazama pale aliona wazi kwamba kuna shida. Mtambo ulichukua maneno yale matatu. Rangi uliiacha, duara uliliacha, picha uliiacha, na dada mwenyewe ulimwacha, kwa sababu tiketi zote zilifunguliwa kwa jina moja tu, jina langu mimi mwenye tokeni. Dada alipoona namba ya tiketi imejiandika kando ya kijikaratasi chake, aliamini kazi imepokelewa. Sisi tuliokuwa upande wa pili hatukuwa tumepokea chochote.

Mwisho wa mwezi karani akapiga simu. Ni mama mtu mzima, wala hakupaza sauti. "Kijana wangu, maziwa ya jioni ya watu wangu yako wapi?"

Tulipochimba tuliona haya. Simu ilipokosa mtandao na kutuma rekodi baadaye, programu yetu iliangalia namba ya mwanachama na tarehe tu. Ikikuta tayari kuna rekodi ya asubuhi ya siku hiyo, inadhani hii ni marudio, inaitupa. Kurekebisha kulichukua chini ya saa moja. Tiketi ilikuwa imekaa siku 19. Na mwezi huo ulikuwa Desemba. Unajua Januari ya Kenya ilivyo, karo haingoji mtu atafute lita zake.

Najua utakaloniambia, kwa sababu rafiki yangu mmoja ameshaniambia: kosa ni lenu, jembe halina hatia. Nakubali, kosa ni letu. Lakini chombo hufundisha tabia. Zamani aliyetaka tiketi ilibidi akae chini aandike sentensi tatu: nini kimetokea, alitarajia nini, nani ameumia. Ule usumbufu ulikuwa na kazi yake. Asiyeweza kuandika sentensi tatu alikuwa bado anawaza, na ubao ndio mahali pa kuwazia. GitHub yenyewe inakuruhusu kuweka fomu ya tiketi yenye maswali ya lazima. Mtambo unaopitia API hauulizwi maswali hayo, unaruka ua na kuingia.

Halafu wapo wanaochora mshale wa pili, wa kurudi. Tiketi ikibadilika, badilisha kijikaratasi. Kijikaratasi kikibadilika, badilisha tiketi. Hapo umejenga mbwa anayefukuza mkia wake. Waliotengeneza GitHub Actions waliiona hatari hii: tukio lililosababishwa na tokeni ya ndani, ile GITHUB_TOKEN, kwa kawaida haliamshi kazi nyingine, ili mzunguko usianze. Ukija kutoka nje na tokeni yako binafsi, kinga hiyo huna. Una maombi 5,000 kwa saa kwenye API, na mzunguko unaweza kuyala yote ukiwa umeenda kununua chapo.

Na hiyo tokeni, umeitazama? Tokeni ya aina ya zamani yenye ruhusa ya "repo" inafungua kila hazina ya msimbo unayoweza kuifikia wewe. Kwa sababu ya vijikaratasi! Tokeni za kuchagua hazina moja na ruhusa chache zipo tangu 2022. Tumia hizo, mpe ruhusa ya tiketi peke yake.

Hata mshale ninaoutetea, wa kutoka GitHub kwenda ubaoni, una masharti yake. Unategemea webuhuku, yaani ujumbe ambao GitHub inautuma kwenye anwani yako kila jambo linapotokea. Ujumbe huo huja na sahihi iwapo umeweka neno la siri, kwenye kichwa kiitwacho X-Hub-Signature-256. Usipoikagua, yeyote anayeijua anwani yako anaweza kukuletea uongo. Tena seva yako isipojibu ndani ya sekunde 10, GitHub inahesabu kwamba ujumbe haukufika, na hairudii yenyewe. Stima ikipotea ofisini na n8n yako inakaa kwenye kompyuta iliyo chini ya meza, habari za saa hiyo zimepita mpaka mtu aziombe tena.

Ndiyo maana nacheka nikisikia "hakuna msimbo hapa, ni mishale tu". Mishale ni msimbo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeusoma. Msimbo wa kawaida ukiandika, mwenzako anaupitia kabla haujaunganishwa. Mshale unachorwa na mtu mmoja saa kumi na moja jioni, na akiacha kazi anaondoka na ufunguo. Kwenye n8n unaweza kutoa mtiririko wako kama faili ya JSON. Itoe, iweke kwenye hazina pamoja na msimbo mwingine, mtu wa pili aisome. Na ukishindwa kufanya kazi, umtumie ujumbe mtu anayejulikana kwa jina.

Sasa hivi timu yangu inafanya hivi. Ubao ni wa kuwaza. Mkutano ukiisha, mtu mmoja anachagua vijikaratasi vinavyostahili kuwa kazi, anajaza fomu kwa mkono wake, anaandika nani anangoja jibu. Kuanzia hapo mtambo unaruhusiwa: tiketi ikifungwa, kadi ubaoni inageuka kijani, na dada wa huduma kwa wateja anaiona bila kumuuliza mtu. Tiketi ni chache, lakini kila moja ina mwenyewe.

Usiniamini bure. Fungua orodha yako leo, chukua tiketi 10 zilizofunguliwa na mtambo, na kila moja uiulize: nani anangoja jibu lako? Ile isiyo na mtu, ifunge. Ukikuta yenye karani upande wa pili, inua simu umpigie kabla mwezi haujaisha.