Baada ya Picha, Nani Anabaki Zamu ya Usiku?

Kila inapokaribia Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, magrupu ya WhatsApp hapa chuoni yanachangamka. Klabu hii inachangisha sukari, ile sabuni, nyingine inachapisha fulana. Jumamosi basi linajaa, tunafika makazi ya wazee, tunatoa shikamoo, tunakabidhi mzigo, tunapiga picha, tunarudi kabla foleni haijakolea. Sipingi. Anayetoa kwenye bumu lake anastahili pongezi. Hoja yangu ni moja: mzigo ule hautuambii kama wazee wako salama, na sisi wasomi tunaondoka bila kuuliza.

Nimeshaenda ziara hizo mara tatu, makazi tofauti. Kwenye makazi mojawapo nilimuuliza mlezi, nani huwa zamu ya usiku? Akacheka kidogo, akasema, "Ni mimi, mdogo wangu. Na Mungu."

Wanachuo wenzangu, tupige hesabu. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, kanuni ya miaka mingi ya uuguzi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo nyama ya kiunoni na visiginoni inakosa damu na kuanza kuoza. Tuseme wako sita. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, kila mmoja anageuzwa mara sita. Jumla 36. Kila mara ikichukua robo saa, pamoja na kubadili shuka lililolowa, hizo ni saa tisa kati ya kumi na mbili. Bado hujampeleka mtu chooni, hujatoa dawa, hujanywa hata chai. Na kumgeuza mtu mzima vizuri ni kazi ya watu wawili. Kwa hiyo ukiona kidonda mgongoni mwa mzee, usikimbilie kusema mlezi hana huruma. Huruma haina mikono ya ziada.

Hatari nyingine ni chooni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Sakafu yenye utelezi, choo cha kuchuchumaa, taa iliyoungua: hapo nyonga inavunjika, na kwa wengi huo ndio mwisho wa kutembea. Baadhi ya makazi yetu yana wazee waliougua ukoma ambao vidole vyao havina hisia. Mzee wa namna hiyo anaweza kushika kikombe cha uji wa moto akaungua bila kujua. Kikombe chenye mkono mpana ni usalama. Na ile sukari yetu? Kuna aliyeuliza wangapi pale wana kisukari?

Najua jibu la vimbwetani: "Makazi ya wazee ni uzungu, Mwafrika anamlea mzazi wake nyumbani." Sawa, hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele, na makazi yawe hatua ya mwisho. Lakini aliyefika kwenye hatua hiyo ya mwisho ndiye hana mtoto wa kumsemea. Mwingine hakuzaa, mwingine alikimbia kijiji kwa tuhuma za uchawi. Kukosa ndugu kusigeuke sababu ya kulala kwenye mkojo hadi asubuhi.

Ukitaka kuendesha makao ya watoto Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakudai leseni na inaruhusu ukaguzi. Zanzibar nao walitunga sheria ya mambo ya wazee mwaka 2020. Sera inaelekeza, sheria inabana. Wenzetu wa sheria, hapo kuna mada nzuri ya utafiti kuliko zile za kunakili kila mwaka.

Serikali ya wanafunzi haihitaji kusubiri Bunge. Ichague makazi mamoja, tuyatembelee kila mwezi badala ya kumi kwa mwaka mmoja. Kabla ya kuchangisha, tumpigie msimamizi tumuulize nini kimepungua. Tuwe na daftari lenye maswali manne: usiku wanabaki walezi wangapi? Nani ameanguka tangu tulipokuja, na wapi? Nani ana kidonda? Dawa zinaandikwa wapi zinapotolewa? Majibu tuyapeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na mwezi unaofuata tuulize kilichofanyika. Majina ya wazee na vidonda vyao visiende mtandaoni, na picha ipigwe kwa aliyekubali tu. Anaweza kuwa mzee asiye na kitu, lakini uso ni wake.

Watu wa uhandisi wapo, kuchomelea vyuma vya kushikia chooni si kazi ya kuwashinda. Watu wa uuguzi wapo, wafundishe wengine kumgeuza mgonjwa bila kumchubua. Bajeti ya mwaka huu ikija mezani, naomba mstari wa fulana ufutwe, uandikwe mstari wa vyuma na taa.