Mlango wa bweni uchungwe kwa kengele, si kwa kufuli

USIKU wa kuamkia Machi 26, 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, na kuwaua wanafunzi 67. Mmoja kati ya milango miwili ya bweni hilo ulikuwa umefungwa, nayo madirisha yalikuwa na vyuma.

Tangu hapo, kila bweni linaposhika moto, wazazi huuliza swali lile lile: Kwa nini milango hufungwa watoto wakiwa ndani?

Jibu la wasimamizi wengi halibadiliki. Wanahofia wanafunzi watatoroka usiku, au watu wa nje watapenya na kuwadhuru. Hofu hiyo haifai kupuuzwa, hasa katika shule za wasichana. Hata hivyo, kufuli haitofautishi kati ya mwizi, mtoro na mtoto anayekimbia moto. Huwazuia wote sawasawa.

Kuna kifaa kidogo ambacho kingetatua mvutano huu, nacho ni kihisi cha mlango. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni sumaku inayobandikwa kwenye ubawa wa mlango. Ya pili, inayokaa kwenye mwimo, ina kijineli cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya chuma. Mlango ukifungwa, sumaku huvifanya vipande hivyo vigusane na umeme hupita. Mlango ukifunguliwa, sumaku husogea mbali, vipande huachana, umeme hukatika na king'ora hulia.

Ubora wa mpango huu ni kwamba hata mjanja akikata waya, umeme hukatika vilevile na kengele hulia.

Teknolojia hii si ngeni. Swichi ya aina hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1936 katika maabara za kampuni ya simu ya Bell. Leo hii vihisi vya sumaku hulinda milango ya benki, maghala na nyumba za watu binafsi. Vihisi vya aina nyingine hutumia miale isiyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyofungua milango ya maduka makubwa mteja anapokaribia, na kuizuia milango ya lifti isimbane mtu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kihisi cha sumaku hakimzuii mtu yeyote kupita. Kazi yake ni kutoa habari tu. Anayelinda duka huenda akaona huo ni udhaifu, lakini bwenini hiyo ndiyo faida yenyewe. Mlango hubaki bila kufuli, mtoto huusukuma na kutoka, na papo hapo mlezi wa bweni hujua kwamba umefunguliwa.

Isitoshe, sheria za mchezo zilikwisha kuwekwa. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya mabweni iwe na upana wa angalau futi tano, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwemo. Kihisi kingempa mwalimu mkuu njia ya kutii agizo hilo bila kukesha kwa wasiwasi.

Bila shaka, kifaa pekee hakitoshi. Kinahitaji betri ili kifanye kazi stima zinapopotea, na kinahitaji mtu aliye macho wa kuitikia kengele. Wala hakiwezi kuondoa vyuma madirishani au kupunguza msongamano wa vitanda.

Vifo vya wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, mnamo Septemba 2024, vilidhihirisha kwamba hatari ya moto mabwenini haijaondoka. Shule inayodai haina njia nyingine ya kuwachunga wanafunzi ila kufuli, sasa haina kisingizio. Tahadhari kabla ya hatari.