TUNAMTUNDIKA NANI UKUTANI?

Ndugu wanachama, picha za majemadari wa kale huuzwa kuwa pambo la ukuta. Sisi tunasema pambo hilo lina maneno yake. Paul von Lettow-Vorbeck, Mjerumani mwenye nishani kifuani, alipigana Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917. Mizigo yake na ya Waingereza ilibebwa na nani? Na wapagazi wetu, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Picha zao ziko wapi?

Wenzetu wa Mkotokuyana, Nachingwea yenu iliwalea wapiganaji wa FRELIMO chini ya Samora Machel, hata Msumbiji ikawa huru mwaka 1975. Huyo atundikwe! Tusimfundishe mtoto kumheshimu aliyemtwisha babu yake mzigo.