City Park ni yako, itembee kabla imegwe

Nani alituambia kwamba ili uone miti lazima uwe na Subaru, buti za bei na picha ya kilele? Kila wikendi ni Ngong Hills, ni Longonot, na msee hana doo ya kuchangia safari anabaki kwa keja akiwatazama kwenye simu. Sisi wa video ndio tumefanya hii kitu ikuwe mashindano.

Na City Park iko hapo Parklands, kando ya Limuru Road, matatu moja tu kutoka tao. Ni kama hekta 60. Njia hazina mlima wa maana, hata shosho wako atazimaliza. Kivuli ni kingi, na kima wanakuangalia kutoka juu wakipanga vile watakunyang'anya njugu.

Mtaniambia, "Hapo hakuna kitu ya kuona." Buda, kwenye makaburi ya hapo amelala Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi 1965 akiwa na miaka 37. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alitaka azikwe karibu na huyo rafiki yake, na alipofariki 1990 ndivyo ilivyokuwa. Tunasoma historia ya mtihani, kaburi zenyewe hatuzijui.

Mwingine atasema usalama. Hiyo ni hoja ya haki, hasa kwa wasichana. Lakini jibu si kuikimbia bustani. Enda mchana, enda na mbogi, fuata njia kuu. Bustani inatisha ikiwa tupu.

Na mwizi wa simu si ndiye mbaya zaidi. Kuna mwizi wa ardhi. City Park ilikuwa imeshamegwa vipande kabla itangazwe turathi ya kitaifa 2009. Kule Karura, Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miche 1999, wakapigwa hadi damu ikatoka. Ndiyo maana leo kuna msitu wa wewe kupigia picha. Tangazo la serikali halina macho. Mabati yakiwekwa usiku, nani atapiga kelele kama hakuna mtu hupita hapo?

Kwa hivyo Jumamosi hii Longonot ingoje. Beba maji, rudi na takataka zako, tembea polepole. Tusipoitumia hii bustani, siku moja tutapata geti, mlinzi, na jina la mtu.