Wimbo Mtamu Wenye Maneno Mazito

Upo wimbo mmoja wa Kimarekani ambao tangu ulipoenea mwaka 2011 umewagawa wasikilizaji wake makundi yasiyopatana. Jina lake ni "Pumped Up Kicks", na kundi lililouimba huitwa Foster the People. Wengine wakiusikia hutikisa vichwa na kuufuatisha kwa mbinja. Wengine, mara tu unapoanza, huinuka wakaizima redio. Na wapo waliokwisha kuuimba miezi mitatu minne, siku moja wakayasikia maneno yake sawasawa, wakaduwaa wasijue la kusema.

Kabla ya kuingia katika maudhui, tuliweke kando suala ambalo bila shaka baadhi ya wasomaji wetu wanalingojea, nalo ni hukumu ya ala za muziki. Hitilafu ya wanazuoni katika jambo hilo ni ya zamani na imeandikiwa vitabu. Jamhuri yao wamekataza. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 456 Hijria, akaona kwamba Hadithi zinazotolewa ushahidi hazikuthibiti kwa kiwango cha kuharamisha. Mwenye kutaka kulichimba hilo analo darasa lake na mwalimu wake. Sisi leo tunauliza swali jingine, ambalo linamhusu anayeziona ala kuwa haramu na anayeziona kuwa halali kwa kadiri moja: maneno mabaya yakivishwa sauti nzuri, huwafanya nini wanaoyasikia? Na je, ni haki kumhukumu msemaji kabla ya kumsikiliza hadi mwisho?

Wimbo wenyewe unamhusu kijana anayeitwa Robert. Kijana huyu anagundua bastola ya risasi sita katika kabati la baba yake. Baba anafanya kazi kutwa nzima na kurejea usiku, na chakula cha kijana kinamngoja jikoni kikiwa cha baridi. Kisha kinakuja kibwagizo, ambamo watoto wenye viatu vya raba vya bei kubwa wanaambiwa wakimbie, na wakimbie kwa kasi kuishinda risasi. Hakuna mahali wimbo unaposema kwamba kijana alifyatua. Unaishia katika kitisho, na baada ya kitisho inakuja mbinja nyepesi, kama ya mtu anayetembea ufukweni jioni hana la kumshughulisha.

Aliyeutunga ni Mark Foster, ambaye wakati huo alikuwa akipata riziki yake mjini Los Angeles kwa kutunga nyimbo fupi za matangazo ya biashara. Jambo hili lisipitwe haraka. Mtunzi wa nyimbo za matangazo ni fundi wa kitu kimoja tu, yaani mahadhi yanayomganda mtu kichwani hata kama hakuyataka. Ala zote katika wimbo huo alizipiga mwenyewe, na kile alichokirekodi kiwe cha majaribio ndicho kilichotolewa kwa watu. Mwaka 2011 wimbo ukapanda hadi nafasi ya tatu katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani, ile ya jarida la Billboard, ukakaa hapo wiki 8. Mpaka leo umekwisha kusikilizwa zaidi ya mara bilioni moja katika mitandao ya kusikilizia muziki.

Sasa wanaoushutumu husema nini? Husema kwamba huu ni ukatili uliotiwa asali, kwamba mauaji ya watoto si jambo la kuchezewa ngoma, na kwamba mtu akitaka kuonya basi aonye kwa sauti ya kuonya. Kituo cha MTV kilipoonesha video yake kiliyafuta maneno ya bunduki na risasi yasisikike. Tarehe 14 Desemba 2012 wakauawa watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, na vituo kadhaa vya redio vikausitisha wimbo huo au kupunguza kuupiga. Mzazi aliyetoka kuzika mwanawe, au aliyetoka tu kuziona habari hizo, hawezi kuambiwa avumilie mbinja ile.

Na wanaoutetea nao wana hoja. Husema kwamba mtunzi hakusifu, bali aliingia katika nafsi ya kijana mpweke, aliyepotewa na akili na asiye na mtu wa kumuuliza hali, ili wasikilizaji waone kinachopikwa humo kabla hakijamwagika. Mtunzi mwenyewe ameeleza hivyo zaidi ya mara moja, na akataja kwamba naye aliwahi kuonewa na wenzake shuleni. Mpiga gita la besi wa kundi hilo alikuwa na binamu aliyenusurika katika mauaji ya shule ya Columbine ya tarehe 20 Aprili 1999, ambamo wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa. Mtu wa namna hiyo hachezei msiba usiokuwa wake.

Ni ipi basi kauli iliyo karibu zaidi na haki? Wanafunzi wa balagha wanaijua istilahi ya iltifati, yaani msemaji kuhama kutoka nafsi moja kwenda nyingine katikati ya maneno: alikuwa akisema "yeye", ghafla akasema "mimi" au "nyinyi". Tukiupima wimbo huu kwa kipimo hicho tunaona jambo ambalo wagomvi wa pande zote mbili wamelipita. Ubeti wa kwanza unamtaja kijana kwa nafsi ya tatu: ni yeye, anatazamwa kwa mbali, na anayesimulia hata hajui yote yaliyo katika kabati lile. Ubeti wa pili, bila taarifa, unakuwa wa nafsi ya kwanza: baba ni baba yangu, aliyengoja kwa muda mrefu ni mimi. Na kibwagizo kinawaelekea wengine moja kwa moja, ni nyinyi. Kwa hiyo aliyeusikiliza tangu mwanzo anajua kwamba kitisho kinatoka kinywani mwa Robert. Lakini aliyedaka kibwagizo peke yake, nacho ndicho kinachorudiwa mara nyingi kuliko vyote, amesikia mwimbaji akiwatisha watoto. Wote wawili wamesikia wimbo mmoja, na hakuna kati yao aliyesema uongo.

Yako na ya ufundi. Katika beti, sauti ya mwimbaji imefifishwa na kukwaruzwa kama inayotoka katika simu mbovu, na maneno hayashikiki kwa urahisi. Kinapofika kibwagizo sauti inafunguka. Matokeo yake, onyo limewekwa pasiposikika na kitisho kimewekwa panaposikika. Huenda mtunzi alitaka hivyo hasa, msikilizaji avutwe kwa utamu kisha ashtuke. Lakini mshtuko huo unamfikia anayechunguza, na wasikilizaji wengi hawachunguzi. Hapa ndipo tunapotofautiana na watetezi wa wimbo. Nia ya mtunzi inamhusu yeye na tunamwachia, ila maneno yakishatoka hayaendi na nia yake mfukoni.

Sisi tunaofundisha watoto tunaijua nguvu ya mahadhi kuliko wengi. Ibn Malik, aliyefariki mwaka 672 Hijria, aliifunga nahau nzima ya Kiarabu katika beti zipatazo 1000 za bahari ya rajazi, na hadi leo wapo wanafunzi wanaozisoma zote kwa moyo. Mwulize mmoja wao maana ya ubeti wa kati na huenda akakodoa macho, lakini ubeti hautamponyoka hata akizeeka. Mahadhi hupanda kwanza, maana ikaja baadaye, na pengine isije kabisa. Katika elimu hiyo ni neema, kwa sababu kilichopandwa ni chema na mwalimu yupo wa kukifasiri siku itakapofika. Lakini mtoto anayeimba Kiingereza asichokielewa kwa sababu kinapendeza, nani atamfasiria? Kwetu nyimbo hizi huingia kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisikii kwa kasi ile, na baba anayetabasamu mwanawe akiimba huenda angenyamaza kimya kama angeelewa.

Juu ya hayo, hatuwezi kusimama na wale wanaosema kwamba wimbo ndio unaoua. Hii ni tuhuma nzito, na tuhuma inahitaji ushahidi. Baada ya Columbine vidole vingi vilielekezwa kwa mwanamuziki Marilyn Manson, ikadaiwa kwamba vijana wale wauaji walikuwa wafuasi wake. Baadaye waandishi waliolichunguza tukio hilo walieleza kwamba hawakuwa hata wapenzi wa muziki wake. Hatuna haja ya kuyapenda ya Manson, na hakika hatuyapendi, lakini kumzulia mtu ni kumzulia, awe nani. Tumeamrishwa kuthibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na hatukuambiwa tuache kuthibitisha pale mtuhumiwa anapotuchukiza.

Wala ugomvi huu si mpya. Tarehe 29 Januari 1979, mjini San Diego, msichana wa miaka 16 aliifyatulia risasi shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara ya nyumba yao. Mwalimu mkuu na mtunza shule waliuawa, na watoto 8 na askari mmoja wakajeruhiwa. Kabla mwaka haujaisha, Bob Geldof na kundi lake la Boomtown Rats walikwisha kutoa wimbo juu ya tukio hilo, "I Don't Like Mondays", ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Kule San Diego vituo vya redio vilikataa kuupiga. Uingereza uliimbwa kwa raha, na waliokuwa karibu na makaburi hawakuweza. Tunaona hiki ndicho kipimo kilicho bora kuliko vingi vilivyotajwa katika mjadala huu: aliyefikwa asikie nini? Mark Foster mwenyewe mwaka 2019 alisema kwamba anafikiria kuacha kuuimba wimbo wake, kwa kuwa mauaji yaliendelea na umekuwa ukiwaamshia watu machungu waliyoyapitia. Hakuna aliyemlazimisha. Kwa hilo tunamheshimu kuliko tunavyouheshimu wimbo.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Wimbo huu si wa kusifu mauaji, na anayesema hivyo hakuusikiliza. Pamoja na hayo haufai kupigwa harusini, katika gari la abiria, wala mbele ya watoto, na anayesema "ni mahadhi tu" naye hakuusikiliza. Makundi mawili haya, kwa kugombana kwao, yanashiriki kosa moja: yamesimama kwenye sauti, na kabati la baba yamelipita.

Tulirudie kabati hilo, maana ndilo lililo la kweli zaidi katika wimbo wote. Silaha ya Robert hakuinunua, aliikuta nyumbani. Muuaji wa Sandy Hook alitumia silaha ambazo mama yake alizinunua kwa mujibu wa sheria, na mama huyo akawa wa kwanza kuuawa siku ile. Kisha likaja la Michigan. Tarehe 26 Novemba 2021 baba mmoja alimnunulia bastola mwanawe wa miaka 15. Siku nne baadaye kijana huyo aliwaua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya sekondari ya Oxford. Wazazi wake wote wawili walishtakiwa kwa kusababisha vifo hivyo, wakatiwa hatiani mwaka 2024, na mwezi Aprili mwaka huo kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kupatikana na hatia ya namna hiyo kwa mauaji ya shuleni yaliyofanywa na mtoto wao. Walikuwapo wanasheria walioona kwamba mahakama imevuka mpaka, kwani mtu habebi dhambi ya mwingine. Baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba wazazi wale walihukumiwa kwa lao wenyewe: silaha isiyofungiwa, na mtoto asiyetazamwa.

Yaliyosemwa mahakamani juu ya asubuhi ya siku ile tunawanukulia walimu hasa. Mwalimu aliiona karatasi ya hesabu ya kijana huyo. Alikuwa amechora bastola, risasi na mtu anayevuja damu, na pembeni ameandika maneno ya kuomba asaidiwe. Mwalimu hakulipuuza jambo hilo. Kijana aliitwa ofisini, na wazazi wakaitwa, wakafika. Wakaombwa wamtafutie mwanao msaada wa matibabu, siku ileile ikiwezekana. Mkutano ulichukua dakika chache, wazazi hawakukubali kuondoka naye kwa sababu ya kazi zao, naye akarudi darasani. Mkoba wake alikuwa nao, na bastola ilikuwa ndani yake. Hakuna aliyeufungua.