Indiketa Siyo Siri ya Jeshi

Kikao cha harusi kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka alipoingia mtu mmoja aliyechelewa. Ni shemeji yake bwana harusi mtarajiwa, mtu mzima, mwenye gari zuri na ahadi ya mchango ambayo hadi leo hajaimaliza. Aliomba radhi kwa ajili ya foleni ya Ubungo, akavuta kiti, kisha badala ya kunyamaza akaanza kujisifu jinsi alivyoikwepa foleni hiyo. Alitoka Kimara na leni ya kulia mpaka mwisho kabisa, wenzake wamejipanga kushoto, akaja kuchomekea pale pale njia ya kwenda Mwenge inapokata. Mama mmoja akamuuliza kama walau aliwasha indiketa. Jamaa akacheka. "Dada yangu, Dar ukiwasha indiketa umeshatoa siri. Wanakufungia."

Kamati nzima ikacheka naye. Mwenyekiti, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anatuhubiria nidhamu ya fedha, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi sikucheka, maana maneno haya nimeyasikia mno. Nimeyasikia kwa mafundi gereji, kwa maofisa wa benki, kwa walimu, kwa mzee wa kanisa anayeendesha kwa mkono mmoja. Yamekuwa kama kifungu cha katiba: mwenye akili haonyeshi anakokwenda, nafasi haiombwi, inachukuliwa, ukiomba utanyimwa. Watu wanayarithisha kwa vijana wao siku ya kwanza wanapowakabidhi usukani, kabla hata hawajawaonyesha gia ya kurudi nyuma. Na ni uongo mtupu, unaosemwa na watu ambao hawajawahi kujaribu kuomba.

Shahidi wangu ni konda wa daladala.

Itazame daladala inayotoka Mbezi asubuhi, imejaa hadi mlangoni, taa moja ya nyuma imekufa na nyingine imezibwa kwa plastiki nyekundu iliyofungwa kwa waya. Dereva anataka kuhamia leni ya kushoto. Hana taa ya kuwasha. Konda anatoa nusu ya mwili nje, anapiga bodi mara mbili kwa kiganja, ananyoosha mkono chini chini kama anayemtuliza mtoto, na anamtazama usoni mwenye gari la pembeni. "Anko, tusaidie! Bosi wangu, tupishe kidogo!" Mwenye gari la pembeni, la bei mbaya, vioo vya giza, kiyoyozi kinapuliza, anafanya nini? Anapunguza. Daladala inaingia. Konda anainua dole gumba, "Shukrani, bosi," mambo yamekwisha.

Hakuna mtu anayetumia barabara ya Morogoro ambaye hajaiona picha hii. Mkono mtupu wa kijana mwenye jasho, usio na balbu wala fyuzi, unafungua njia katika jiji ambalo tunaambiwa halitoi njia. Unafungua kwa sababu uliomba, na uliomba mapema, kabla dereva hajagusa usukani. Yule mwenye vioo vya giza akifika ofisini ataapa kwamba watu wa Dar hawapishani. Yeye mwenyewe ametoka kupisha dakika kumi zilizopita.

Kwa nini basi shemeji hapishwi? Kwa sababu anachokiita kuwasha indiketa siyo kuwasha indiketa. Pua ya gari imeshaingia kwenye leni ya mwenzake, tairi la mbele limeshapindwa, kioo cha pembeni kimebakiza kidole kimoja kugusana na cha jirani, ndipo taa inapepesa mara moja na kuzima. Hiyo ni taarifa ya jambo lililokwisha kutendeka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva wa nyuma anahitaji sekunde moja au zaidi ili kuona, kuelewa na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Fanya hesabu mwenyewe. Aliyewasha wakati anaingia amempa mwenzake sekunde ngapi za kuwa muungwana? Sifuri. Halafu akipigiwa honi anarudi kikaoni na ushahidi kwamba indiketa haifanyi kazi.

Na huu ujinga una anwani, maana watu hawa hawa wakitoka mjini wanabadilika. Ukishapita Chalinze kwenda Morogoro, nyuma ya roli refu lisilokuonyesha cha mbele, unasubiri nini? Unasubiri taa. Roli likiwasha ya kulia linakuambia tulia, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linakuambia pita, kweupe. Dereva wa roli humjui, hakujui, labda ametoka Tunduma jana na hajalala vizuri, lakini unamwamini na mkeo na watoto wako humo ndani. (Mimi simshauri mtu aitegemee lugha hiyo, kwa sababu taa ile ile ya kulia inaweza kumaanisha kwamba roli lenyewe linakata kulia, na hapo utajua hujui.) Ninachosema ni kwamba lugha ya taa tunaijua. Tunaijua kuliko ilivyo kwenye kitabu cha shule ya udereva. Tunaizungumza na watu baki usiku wa manane, halafu tukifika Ubungo, ambako sote tunaendeana ofisini na misibani, tunakuwa bubu.

Hayo magari yenyewe mengi yametoka Japani. Ukiwasha, kabla injini haijatulia, kuna dada anakusalimia kwa Kijapani. Wengi wetu tunaishi na sauti hiyo miaka bila kujua inasema nini. Inazungumzia kadi: kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao, kwamba haijaingizwa. Gari lako limekulia kwenye barabara za kasi, limezoea kutoka na kuingia. Kijiti cha indiketa kimewekwa kulia kwako, unakisukuma kwa kidole bila kuachia usukani. Mjapani amefanya kila kitu isipokuwa kukusukumia.

Na kwa kuwa tuko Japani, wako watafiti wa Nagoya waliochapisha jaribio lao mwaka 2008. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230 na kuwaambia madereva waende kwa mwendo mmoja. Hapakuwa na taa za barabarani, hapakuwa na ajali, hapakuwa na trafiki. Hakuna aliyechomekea. Hata hivyo, baada ya muda foleni ikazaliwa yenyewe, kwa sababu tu mmoja aligusa breki kidogo, wa nyuma akagusa zaidi, wa nyuma yake zaidi, mpaka mtu akasimama kabisa. Sasa mchukue shemeji, mwingize kwa nguvu mbele ya mabasi na maroli yaliyojipanga kushoto pale Ubungo, afunge breki ghafla, kisha uniambie watu wa Kibo, Kona na Baruti huko nyuma wanasimamishwa na nini. Foleni aliyokuja kutuombea radhi kikaoni aliitengeneza yeye.

Tumejengewa barabara. Tazara tumepata daraja la juu mwaka 2018, likapewa jina la injinia Patrick Mfugale. Ubungo tumepata la ghorofa tatu mwaka 2021, likaitwa Kijazi. Kimara hadi Kibaha tumepanuliwa zaidi ya kilomita 19 zenye njia nane. Tulivyozipata, nilidhani kilichobaki ni kuendesha tu. Nenda Tazara ujionee. Unatoka mjini, unataka Buguruni, unatakiwa ubaki chini. Daraja lenyewe unaliona toka mbali, halioti usiku kama uyoga. Lakini mtu atapanda nalo, atapanda kabisa, mpaka pale njia zinapogawanyika, kisha atasimama juu ya michirizi iliyochorwa ili mtu asisimame, matairi mawili huku mawili kule, na kuanza kurudi kushoto kidogo kidogo. Nyuma yake kuna lori la kontena linalolia breki. Yeye dirisha limefungwa, macho mbele, anajifanya haoni. Huo usahaulifu wa ghafla wa njia anaoupata mtu aliyeishi Tabata tangu azaliwe, madaktari wangeuchunguza.

Nikiwauliza, majibu ninayopewa yanachekesha. Mmoja alinieleza kwa dhati kabisa kwamba indiketa inakula betri. Balbu mbili tatu zinazowaka na kuzima! Huyo huyo ana redio yenye spika zinazotikisa sahani za mama ntilie kituo kizima, ana taa za bluu chini ya gari kama meli ya harusi, na ana chaja ya simu tatu. Betri anaionea huruma Ubungo tu.

Tena mtu huyu anayelinda siri ya aendako usimwone hivi hivi, ana taa anayoipenda: hazadi. Mvua ikinyesha anawasha hazadi. Akitaka kunyoosha moja kwa moja kwenye makutano anawasha hazadi, kana kwamba kutokata kona ni dharura. Akisimama katikati ya barabara kununua mahindi ya kuchoma anawasha hazadi, na kwa akili yake hazadi ni kibali, gari likishapepesa pande zote mbili hakuna kosa tena duniani. Msafara wa harusi ndiyo usiseme: matarumbeta mbele juu ya pikapu, mpiga video ametoa kiwiliwili juu ya gari, magari yote yanapepesa kulia na kushoto kwa pamoja, na wewe nyuma hujui kama wanakata kwenda ukumbini au wanasimama kupiga picha. Kwenye kikao chetu bajeti ya matarumbeta ilipita bila mjadala.

Na nikiwa hapo hapo, ving'ora. Zamani king'ora kilikuwa cha gari la wagonjwa, zimamoto na wakubwa wachache. Siku hizi kila mwenye gari jeusi na rafiki anayemjua fundi ana king'ora. Tunafundishana toka juu kwamba barabara ni ya mwenye haraka zaidi au cheo zaidi, halafu tunashangaa kijana wa bajaji akitanua kwenye kingo za barabara akitupita sote kwa vumbi. Amejifunza kwa nani?

Mnielewe, ugomvi wangu siyo na anayehama leni. Kila mtu lazima ahame, barabara ndivyo ilivyo. Ugomvi wangu ni na yule anayeuita uchoyo wake ujanja, kisha anataka sisi tuliopanga foleni tuonekane washamba. Kwenye shughuli, mtu akija na sahani yake akapita watu wote hadi kwenye sufuria la pilau, hakuna atakayemwita mjanja. Mama wa jikoni atamshusha kwa mwiko na maneno atakayoyakumbuka mpaka arobaini. Barabarani anaitwa dereva mzoefu.

Wapo pia wanaoniambia kwamba tatizo ni sheria. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, na kuonyesha ishara kabla ya kukata au kuhama siyo hisani ya dereva. Elimu nayo tunapewa, kila Wiki ya Nenda kwa Usalama inapokuja na stika zake, na vioo vya mbele vya magari yetu vimejaa stika hizo kiasi kwamba mwenye kioo hana pa kuchungulia. Ninachokosa ni trafiki mahali panapohusika. Trafiki wetu wanapenda tochi. Wanakaa na tochi mteremkoni, chini ya mwembe, panapoishia kibao cha 50 na mtu anapoanza kukanyaga mafuta, na wanakupata ukiwa na 57 kwenye barabara nyeupe isiyo na mtu. Unalipa 30,000 yako, unaondoka. Sina ugomvi na 50, mwendo unaua.

Lakini hebu wawili tu kati yao watoke chini ya mwembe siku moja, siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waje Ubungo pale leni ya kushoto inapokata kwenda Mwenge. Tochi waiache ofisini, haitakuwa na kazi. Waje na mashine ya kuandikia faini tu, na chaji ya kutosha. Kila atakayetoka kulia bila taa apishwe pembeni kwa heshima, asalimiwe, aandikiwe 30,000 yake, na akisema alikuwa anaficha siri aandikiwe na sababu hiyo kwenye fomu. Kufika saa mbili watakuwa wamemaliza karatasi, na nina hakika mmoja wao atakuwa ameshapigiwa simu na mkubwa fulani kwamba yule mwenye gari jeusi aachiwe, anawahi kikao.