Sikio Kwanza, Mdomo Baadaye



Majuzi kijana mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini, uso umemshuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini?"

Akaweka mezani redio mbili ndogo za mkononi. Aliuza mbuzi watatu wa mama yake akazinunua mjini, kwa sababu muuzaji alimwambia ati kwa redio hizo ataongea na watu wa Ulaya. Walipojaribu yeye na mwenzake, zilisikilizana mpaka ng'ambo ya mto. Mwenzake alipopita nyuma ya vilima vya mawe, kimya. Mama yake hajui bado.

Kijana huyu si mjinga. Alisikia habari ya kweli, lakini alianzia mkiani. Kwa kuwa najua wako wengine wenye hamu kama yake, leo nitaeleza jambo hili tangu mwanzo.

Duniani wako watu wengi wanaoongea kwa redio kwa kupenda tu, bila mshahara wala biashara. Kazi hiyo yaitwa redio ya ridhaa. Fundi cherehani wa nchi moja huzungumza na daktari wa nchi nyingine, wakapeana habari za mitambo na za hali ya hewa. Yakitokea mafuriko au tetemeko, na minara ya simu ikaanguka, mara nyingi watu hawa ndio hupeleka habari za kwanza. Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo. Wengine mtakumbuka zile redio koli za misheni na hospitali zilizotufaa kabla ya simu za mkononi.

Sasa, kwa nini redio za yule kijana zilinyamaza? Mawimbi yake, ya megahezi 144 hadi 146, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kilima kikikaa katikati, yamekwisha. Mawimbi ya kwenda mbali ni yale ya masafa mafupi, kama megahezi 7 na 14. Hayo hupanda juu, yakagonga tabaka la anga lililopata nguvu ya jua, kiasi cha kilomita 100 hadi 400 kutoka ardhini, kisha yakarudi chini mbali sana. Mchana megahezi 14 husafiri vizuri. Usiku megahezi 7 ndizo hufika mbali.

Basi mwanzo mwema ni huu: usinunue redio ya kusemea. Tafuta redio ya kusikilizia yenye masafa mafupi, na hakikisha ina kitufe kilichoandikwa SSB. Bila hicho, sauti za watu hawa hutoka kama za bata. Funga waya wa mita 10 kutoka dirishani hadi mwembeni, mbali kabisa na nyaya za umeme. Wingu likitanda, chomoa waya huo na uutoe nje ya nyumba. Mjue radi ya huku kwetu haina mzaha: Januari 2025 iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe.

Kisha chukua daftari. Andika tarehe, saa, masafa, na jina la kituo ulichosikia. Kila kituo kina jina la herufi na tarakimu, na mwanzo wake hutaja nchi. Vya Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Saa wanayotumia ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wakisema saa 18 kamili, kwetu ni saa 3 usiku. Waite watoto wakae nawe na ramani. Hilo nalo ni somo la jiografia.

Fanya hivyo miezi michache. Utajifunza namna ya kuita, namna ya kungoja zamu, na namna ya kutaja herufi ili zisichanganywe. Ukiona hamu ingalipo, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Uliza wanataka ushahidi gani wa ujuzi wako, na ada ni kiasi gani, kabla ya kununua chombo. Kusema hewani bila leseni ni kosa, tena waweza kuvuruga mawasiliano ya watu walio katika hatari. Na hata ukiwa na leseni, biashara hairuhusiwi: bei ya pamba na ya dhahabu zungumza kwa simu.

Nasema na vijana wa machimboni pia, maana mmoja aliniuliza kama redio hii itamwokoa ndani ya duara. La, ndugu yangu. Mawimbi haya hayapenyi mwamba. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Redio ya mkononi isingeyafikisha maneno yao juu. Magogo imara ya kuzuia kifusi, na mwenzako wa juu anayejua umeshuka saa ngapi, ndiyo kinga yako. Usidanganyike na muuzaji.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, zile redio si za kutupwa. Juu yetu, kama kilomita 400, hupita kituo cha anga cha kimataifa, na siku wanaanga wanapoongea na wanafunzi duniani, sauti yao hushuka kwa megahezi 145.800. Huko juu hakuna kilima cha kuzuia. Kituo kikipita juu ya kijiji chetu huku wakiongea, redio yake itawasikia kwa dakika chache. Asikilize tu, asibonyeze kitufe cha kusemea mpaka apate leseni.

La pili lilikuwa gumu zaidi: aende akamwambie mama yake habari za mbuzi. Alikaa kimya kitambo, akachukua redio zake, akaenda. Jumapili nilimwona mama yake kanisani. Alinisalimu, akasema mwanawe atamlimia msimu mzima hadi deni liishe, na kwamba usiku huwasha kibatari na kuandika daftarini.

Mwenye swali aje ofisini asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumapili.